Kipya Kinyemi: Safari za Gizani na Hatari ya Kuanza Upya

Leo naomba tuweke kando simu na programu mpya, tuzungumzie kitu ambacho hapa Isiolo hakipo: zile safari za gizani za kwenye bustani za burudani huko Marekani na Ulaya. Unaketi ndani ya kigari kidogo, mlango unajifungua, unaingizwa kwenye jumba lenye giza. Humo unapitishwa mbele ya mizuka, maharamia au wanyama wanaotikisa vichwa, kisha unatokea upande wa pili ukipepesa macho kwa sababu ya jua. Dakika tano au kumi, basi.

Mwandishi wa programu aliye Isiolo anahusikaje na mambo hayo? Ni kwamba safari nyingi za aina hiyo zimezeeka, na wenyewe wanabishana vikali: zikarabatiwe, au zibomolewe zijengwe mpya? Huo ndio ubishi unaoletwa mezani kwangu karibu kila mwezi. Kitu cha zamani bado kinafanya kazi, ila kimechakaa, na aliyekijenga hayupo. Bustani za burudani zimekuwa zikijibu swali hili kwa zaidi ya miaka 120, hadharani, mbele ya wateja waliolipa. Sisi wa programu tumelijibu kwa miaka michache tu, na mara nyingi tumelijibu gizani.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja mwenye duka la jumla hapa mjini aliniita. Alikuwa na programu ya hesabu za stoo na madeni iliyoandikwa kwa FoxPro na mtu aliyehama zamani. Skrini ya bluu, herufi nyeupe, kila kitu ni kubonyeza F2 na F5. Nilipofungua msimbo nilicheka. Nikamwambia mzee: hii si ya kurekebisha, hii ni ya kutupa. Nikakaa miezi minne nikaandika mpya, yenye rangi, yenye ripoti, yenye kila kitu.

Wiki ya pili akanipigia. Wateja wake wa Merti na Garba Tulla walikuwa wametumiwa notisi za kuchelewa kulipa, na wawili walikuwa wamekuja dukani kwa hasira. Nilirudi kwenye msimbo wa zamani nikauona mstari mmoja wa ajabu, uliokuwa ukiwaruka wateja fulani mpaka siku fulani za mwezi. Mimi nilidhani ni kosa la yule bwana, nikauacha nje. Kumbe wale ni wafugaji. Wanachukua unga na sukari leo, wanalipa mifugo ikishauzwa sokoni. Mzee hakunifokea. Alisema tu, "Kijana wangu, ile ya zamani ilikuwa inawajua watu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma historia ya mashine kuukuu, na ndivyo nilivyofika kwenye safari za gizani.

Mwaka 1901

Mwaka 1901 una mambo mawili ambayo ukiyaweka pamoja yanachekesha. Desemba mwaka huo, reli ya Uganda iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu leo na wakati ule palipoitwa Port Florence. Mwaka huo huo, mjini Buffalo katika jimbo la New York, palikuwa na maonyesho makubwa yaliyoitwa Pan-American Exposition. Huko bwana Frederic Thompson alikuwa akiwauzia watu tiketi za kwenda mwezini. Abiria walipanda chombo chenye mabawa kilichoitwa Luna. Chombo kikayumba, picha za mawingu na za dunia zikasogezwa mbele ya macho yao, taa zikabadilishwa rangi, na waliposhuka wakakuta "wakazi wa mwezi" wakiwasubiri. Chombo chenyewe hakikwenda popote. Huku kwetu watu waliletewa treni ya kweli ambayo wengi hawakuiomba. Kule walilipia safari ya uongo wakarudi nyumbani na furaha.

Mwaka huo huo tena, bustani ya Kennywood karibu na Pittsburgh ilifungua safari yake ya mashua ndani ya handaki lenye giza, ikaitwa Old Mill. Kumbukeni jina hilo, nitalirudia.

Handaki la maji ni ghali. Mwaka 1928 Leon Cassidy, aliyekuwa na bustani ndogo huko Bridgeton, New Jersey, hakuweza kumudu gharama zake, ndipo akaja na njia ya mkato: kigari cha umeme juu ya reli moja, kinachopinda na kupinduka ndani ya jumba dogo. Mteja mmoja alisema kigari kilimkunja kama pretzel, ule mkate uliofungwa fundo, na Cassidy akaipa kampuni yake jina hilo. Uvumbuzi huo ulikuwa rahisi, ukaenea haraka. Mwaka 1930 ulifika Blackpool, Uingereza, ambako Waingereza wengi hawakujua pretzel ni nini, basi wakaiita Ghost Train, yaani treni ya mizuka. Jina hilo ndilo lililobaki kwao mpaka leo.

Kisha akaja Walt Disney. Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 ikiwa na safari za gizani za Peter Pan, Snow White na Mr. Toad. Mwaka 1964, kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, kampuni yake ilionyesha sanamu ya Rais Lincoln iliyosimama na kuhutubia, na pia safari ya mashua ya "it's a small world" iliyotengenezwa kwa ajili ya UNICEF. Mwaka 1967 wakaja maharamia wa Pirates of the Caribbean, na mwaka 1969 jumba la mizuka liitwalo Haunted Mansion.

Ndani ya mashine

Hapa ndipo sisi mafundi tunapoanza kukaa vizuri kwenye viti. Sanamu za miaka ile hazikuwa na kompyuta. Ziliongozwa na utepe wa sumaku, kama ule wa kaseti ila mpana zaidi. Juu ya utepe zilirekodiwa sauti. Kila sauti ilitetemesha kipande chembamba cha chuma kilichochaguliwa kwa mlio wake, kipande hicho kikafunga saketi, saketi ikafungua valvu, na mkono wa sanamu ukainuka. Huo ulikuwa msimbo. Ukitaka kumbadilishia Lincoln namna ya kuinua kidole, unarekodi upya.

Baadaye kazi hiyo ilihamishiwa kwenye kompyuta, na mteja aliyeketi kwenye kigari hakuona tofauti yoyote. Hilo ni jambo la kwanza la kujifunza. Safari ya gizani si kitu kimoja, ina matabaka. Chini kabisa kuna reli na vigari. Juu yake kuna mfumo wa kuongoza, unaohakikisha vigari viwili haviingii kwenye kipande kimoja cha reli kwa wakati mmoja, sawasawa na treni za kweli. Juu ya hapo kuna ujanja wa macho na masikio: sanamu, taa, sauti. Na juu kabisa kuna hadithi. Kila tabaka huzeeka kwa kasi yake.

Chukua Haunted Mansion. Mizuka inayocheza dansi kwenye ukumbi wake inatumia ujanja ulioonyeshwa jukwaani London mwaka 1862 na John Henry Pepper. Mbele ya mtazamaji kuna kioo kikubwa kisichoonekana. Sanamu halisi imefichwa pembeni, mahali asipoweza kuiona. Sanamu ikimulikwa, taswira yake inatua kwenye kioo, na mtazamaji anaona mzuka unaopitisha mwanga ukielea ukumbini. Taa ikizimwa, mzuka unatoweka. Ujanja huo umepita miaka 160 na hakuna runinga iliyoushinda, kwa sababu mzuka ule una kina: ukisogea, nao unasogea kama kitu kilichopo pale. Mtu akikwambia "hii teknolojia ni ya zamani, tutoe tuweke skrini," muulize kwanza kama anajua ile ya zamani ilikuwa inafanya nini.

Jumba hilo hilo lina hadithi nyingine ninayoipenda. Lilipofunguliwa mwaka 1969 lilikuwa na mzuka mmoja mwenye kasha la kofia mkononi. Kichwa chake kilitakiwa kitoweke shingoni na kuonekana ndani ya kasha. Ujanja haukufanya kazi vizuri, mzuka ukaondolewa muda mfupi baadaye. Mwaka 2015 ukarudishwa Disneyland, safari hii ukifanya kazi. Miaka 46 kati ya hitilafu na marekebisho! Wenzangu mnaolalamikiwa na wateja kwa kuchelewa wiki mbili, mpate moyo.

Walioanza upya wakajuta

Ndani ya bustani ya EPCOT huko Florida palikuwa na safari ya Journey Into Imagination, iliyofunguliwa mwaka 1983, na ndani yake kijoka cha zambarau kiitwacho Figment. Mwaka 1999 waliibadilisha kabisa. Safari ikafupishwa, na Figment akabaki akionekana kwa nadra tu. Watu walilalamika mno, na mwaka 2002 ikafanyiwa mabadiliko tena, Figment akarudishwa. Jumba moja likavunjwavunjwa mara mbili ndani ya miaka minne.

Kennywood ndiyo somo kubwa zaidi. Ile Old Mill ya 1901 iligeuzwa mwaka 2004 kuwa safari ya paka wa katuni, Garfield, na wageni wakapewa miwani ya kuona picha zikitokeza. Mwaka 2004 hilo lilikuwa jambo la kisasa. Mwaka 2020 wakamtoa Garfield na kurudisha Old Mill. Tazama lililotokea: cha kisasa kilizeeka kwa miaka 16, na cha miaka mia moja na ushee kikaja kuchukua nafasi yake. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Sisi wa programu tuna Garfield wetu. Mwaka 1998 Netscape waliamua kuacha msimbo wao wa zamani na kuanza upya. Toleo la 6 lilitoka Novemba 2000 likiwa zito na lenye kasoro, na katikati ya muda huo Microsoft walikuwa wameshachukua uwanja. Joel Spolsky aliandika mwaka huo huo wa 2000 kwamba kuandika upya kutoka mwanzo ni kosa baya kuliko yote kwa kampuni ya programu. Nilikuwa nimeyasoma maneno yake kabla sijaenda kwa yule mzee wa duka. Nilidhani yanawahusu wengine.

Pale ambapo hakuna mjadala

Lakini nisije nikaonekana mtu wa "ya kale ni dhahabu" kwa kila kitu. Si kila cha kale ni dhahabu, kingine ni petroli.

Tarehe 9 Juni 1979, usiku, treni ya mizuka ya Luna Park mjini Sydney, Australia, ilishika moto. Watu saba walikufa, sita kati yao wakiwa watoto. Miaka mitano baadaye, tarehe 11 Mei 1984, jumba la mizuka la bustani ya Six Flags Great Adventure huko New Jersey liliungua na kuua vijana wanane. Ukifikiria vizuri utaona hatari imo ndani ya wazo lenyewe: jumba lenye giza, njia zinazopindapinda makusudi ili upotee, mapambo ya mbao, vitambaa na povu, na watu waliokuja tayari kupiga mayowe. Anayepiga kelele kwa sababu ya moto anasikika sawa na anayepiga kelele kwa sababu ya mzuka.

Kwa hiyo tabaka la usalama halina heshima ya uzee. Nyaya, breki, vizima moto, milango ya dharura: hivi vibadilishwe kila inapobidi, bila kumwomba mtu radhi. Kwenye programu ni vivyo hivyo. Nywila zilizohifadhiwa wazi kwenye jedwali si urithi wa mababu. Ni moto unaosubiri kiberiti.

Hadithi inapokuwa inatuhusu sisi

Sasa nifike kwenye tabaka gumu kuliko yote, hadithi. Wabishani wengi kule wanalijadili kama suala la kumbukumbu za utotoni. Kwetu sisi kuna jambo jingine: mara nyingi tumo ndani ya zile safari, na hakuna aliyetuuliza.

Jungle Cruise ya Disneyland si safari ya gizani, ni mashua ya mchana, lakini ni ndugu yao wa tumbo moja. Ilianza siku ile ile ya 1955, na moja ya vitu vilivyoichochea ni filamu ya The African Queen ya 1951, iliyopigwa Uganda na Kongo. Kwa miaka zaidi ya sitini wageni walipitishwa mbele ya "wenyeji" wenye mikuki, na mwisho wakamkuta mfanyabiashara wa vichwa vya watu akiwacheka. Mwaka 2021 mambo hayo yaliondolewa. Mto, mashua na utani wa nahodha vikabaki. Mwaka huo huo, bustani ya Efteling huko Uholanzi iliacha mchezo wake wa Monsieur Cannibale wa mwaka 1988, ambapo watu walikaa ndani ya vyungu vinavyozunguka huku mla watu akiwa katikati. Mtambo ule ule wa kuzunguka ukapewa hadithi ya Sindbad baharia. Watoto wakaendelea kuzunguka na kucheka. Hapa naona wazi kwamba kubadilisha kulikuwa haki, na ilionekana kwamba mashine haikuhitaji ile dharau ili ifanye kazi.

Lakini angalia Splash Mountain. Hii ilikuwa safari ya magogo kwenye maji, sehemu kubwa ikiwa ndani ya giza, iliyofunguliwa Disneyland mwaka 1989. Ilitokana na Song of the South, filamu ya 1946 inayoyapamba maisha ya mashamba ya Kusini mwa Marekani kana kwamba watu weusi waliishi pale kwa raha. Mwaka 2023 Splash Mountain zote mbili za Marekani zilifungwa, na mwaka 2024 mkondo ule ule wa maji ukawa safari ya Tiana, binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney. Wengi tulifurahi, na mimi nilifurahi.

Ila kuna kitu kilichonisumbua. Mhusika mkuu wa ile safari ya zamani alikuwa sungura mjanja anayewashinda mbweha na dubu kwa akili. Msomaji, wewe unamjua huyo. Umesimuliwa habari zake na fisi kabla hujaanza darasa la kwanza. Hadithi za mnyama mdogo anayemshinda mkubwa zilivuka bahari pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani, zikaishi mashambani, zikaandikwa miaka ya 1880 na mzungu, Joel Chandler Harris, halafu zikafungwa ndani ya filamu isiyo ya haki. Filamu ilipohukumiwa, sungura akahukumiwa pamoja nayo. Sisemi wangeiacha ile safari kama ilivyokuwa. Nasema ni kosa langu la duka la jumla kwa mara nyingine: ndani ya msimbo mbaya palikuwa na mstari unaowajua watu, na haukupewa nafasi ya peke yake.

Lamu ya Florida, na reli ya Isiolo

Mfano wa mwisho uko karibu nasi kuliko mnavyodhani. Tarehe 22 Aprili 1998 Disney walifungua bustani ya Animal Kingdom huko Florida, na ndani yake mji wa kubuni wa Afrika Mashariki uitwao Harambe. Ndiyo, ni harambee yetu, ikiwa imepungukiwa na e moja. Mji huo ulibuniwa kwa kuiga Lamu. Kuta zimepigwa lipu iliyopasuka makusudi, rangi imefifishwa makusudi, mabango yameandikwa kwa Kiswahili na kuchubuliwa makusudi. Mafundi walilipwa kujenga uchakavu. Huku Lamu yenyewe, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwenye nyumba ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko anahangaika apate fundi na chokaa ili ule uchakavu usimwangukie kichwani.

Kuna jambo moja linalotugusa hasa sisi wa Isiolo. Tangu 1998 Harambe ilikuwa na kituo cha treni, na treni ndogo iliyotengenezwa Uingereza ilikuwa ikiondoka hapo na abiria. Machi 2012 mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu ya kweli, na kwenye ramani zake kuna reli kutoka Lamu mpaka hapa Isiolo. Reli hiyo bado iko kwenye karatasi. Lamu ya uongo ilipata treni; Lamu ya kweli inangoja, na sisi tunangoja nayo.

Wakati tunangoja, jirani zetu wa Nanyuki, kama kilomita 80 kutoka hapa, walipata kitu kingine. Reli yao ya mkoloni, ya upana wa mita moja, ilikuwa imekaa miaka mingi bila treni ya abiria. Mwaka 2020 ilikarabatiwa na treni ikarudi kutoka Nairobi. Haikuwa na sherehe kama ile ya reli mpya ya Mombasa ya mwaka 2017, na mwendo wake ni wa pole. Lakini imefika. Kati ya reli mpya iliyo kwenye ramani na reli kuukuu iliyo ardhini, najua ipi inaweza kunibeba na gunia langu.

Na kuna njia ya tatu, mbaya kuliko hizo mbili: kutoamua. Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash ili iwashangaze watu. Ilikuwa na umeme na lifti wakati ambapo vitu hivyo vilikuwa miujiza katika pwani hii. Kwa maana hiyo lilikuwa jumba la maajabu kabla ya Disney kuzaliwa. Ilipigwa mizinga ya Waingereza mwaka 1896, ikasimama. Baadaye ikawa makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka na ikafungwa. Kazi ya ukarabati ilipoanza hatimaye, ilikuwa imechelewa: tarehe 25 Desemba 2020 upande mkubwa wa jengo ulianguka na watu wawili wakafa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maji, chumvi na miaka havikusubiri uamuzi wa mtu.

Ninavyofanya siku hizi

Nikirudi kwenye swali, tukarabati au tubadilishe, jibu langu ni kwamba swali limeulizwa kwa jumla mno. Uliza kwa kila tabaka. Mfumo wa usalama: badilisha, na usichelewe. Mfumo wa kuongoza: badilisha kimyakimya, mteja asijue. Ujanja ambao bado unawashangaza watu, kama kioo cha Pepper: usiuguse, ila uusafishe. Hadithi inayomdhalilisha mtu: itoe, hata kama ulicheka nayo utotoni. Lakini kabla ya kutoa chochote, kaa na wanaokitumia mpaka uweze kueleza kila mstari ulikuwa unafanya kazi gani, na kwa ajili ya nani.

Nitakubali udhaifu mmoja wa hoja hii. Kukarabati kila tabaka kwa wakati wake kunahitaji mtu anayebaki. Kujenga upya kunahitaji pesa nyingi mara moja tu, na siku ya uzinduzi kuna utepe wa kukata. Kutunza kunahitaji pesa kidogo kila mwezi, na hakuna kiongozi anayekata utepe kwa sababu valvu imetiwa mafuta. Ndiyo maana vitu vingi vinavyobomolewa havikushindwa na umri. Vilishindwa na upweke.

Yule mzee wa duka bado ni mteja wangu. Baada ya aibu ile nilimrudishia skrini ya bluu. Mwaka uliofuata nikahamisha data yake chini kwa chini, nikaweka nakala za akiba za kila usiku, nikabadilisha mashine iliyokuwa ikikaribia kufa. F2 bado ni F2. Na ule mstari wa ajabu nimeuandika upya kwa mikono yangu, nikauwekea maelezo juu yake kwa Kiswahili ili atakayekuja baada yangu asiufute:

"Hawa hulipa mifugo ikiuzwa. Wasubiri."